Barua kwa Wazazi wa Kidato cha Tano: Kufunga Mwaka wa Masomo

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii saa nne asubuhi. Vijana watarudi Julai wakiwa Kidato cha Sita. Tarehe iko kwenye ripoti. Magodoro yabaki bwenini.

Nianze na furaha. Mliokuja kwenye mahafali mlimwona yule binti aliyemaliza hapa mwaka jana. Alipanda jukwaani na ripoti yake ya Kidato cha Tano, akawasomea wadogo zake kwa sauti: Fizikia 31, Hisabati 28, Kemia 44. Ukumbi ukacheka. Kisha akataja alama zake za mtihani wa Taifa, B, C na B, na kicheko kikakatika. Leo anasoma uhandisi. Likizo kama hii tunayoianza alikaa na madaftari yake akarudia mekanika tangu mada ya kwanza, na Julai alipofika alimganda mwalimu wa Fizikia hadi mwalimu mwenyewe akawa anakwepa njia ya maktaba. Siku ya mahafali mwalimu huyo alikuwa kiti cha nyuma, anafuta miwani. Nami sikuwa na hali nzuri.

Sasa nasikia wapo wazazi waliorudi nyumbani na nusu ya habari: "Kumbe Kidato cha Tano hakihesabiwi." Ni kweli, chuo kikuu hakitaomba ripoti hii. Marekani alama za mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu huingia kwenye wastani wanaoupeleka vyuoni. Kwetu kinachotazamwa ni matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Lakini mtihani wa Mei unatungwa kutoka muhtasari wa miaka yote miwili. Asiyeielewa kalkulasi mwaka huu atakutana nayo tena Kidato cha Sita, imezaa na wajukuu.

Naomba pia tuelewane kuhusu pointi, maana kila mwaka kuna mzazi anayepiga simu kwa shangwe pasipo na shangwe. NECTA ikipanga madaraja, A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo chache ndizo nzuri. Kwenye udahili wa vyuo vikuu hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na mwombaji anatakiwa awe na angalau pointi 4 katika masomo mawili ya tahasusi, yaani mchepuo wa masomo anayosomea. Mwenye E tatu ana pointi 15 za NECTA, Daraja la Tatu, na nyumbani wanachinja kuku. Chuo kikuu wanahesabu E mbili, wanapata 2, wanamrudisha. Njia ya stashahada ipo na ni njia halali, ila si ile mliyoniambia mnaitaka mlipomleta. Na hiyo 4 ni sakafu tu. Anayetaka udaktari anadaiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu.

Ndiyo maana jambo la Desemba bado linaniuma. Ripoti za muhula wa kwanza zilirudi zimesainiwa na wazazi, nami nikashukuru. Kisha mwalimu wa taaluma akanionyesha sita za familia sita tofauti: kalamu moja, mwandiko mmoja, hata neno "nimeona" limekosewa namna moja. Vijana walikaa bwenini wakawa wazazi wa wenzao. Wamepewa adhabu, nimemaliza nao. Sijamaliza na ninyi. Muhula mzima ulipita na katika nyumba hizo sita hakuna aliyeuliza ripoti iko wapi. Mtoto alikuwa na 22 ya Kemia, mzazi ananitumia ujumbe kuuliza kama sare mpya zimefika! Ningeambiwa Januari, tungekuwa na miezi mitano ya kumsaidia. Tumeambiwa na mwandiko.

Kwa hiyo safari hii hakuna ripoti itakayobebwa na mwanafunzi. Mzazi au mlezi aje mwenyewe, asaini mbele ya mwalimu wa darasa. Shangazi anakubalika. Kaka wa mtaani hakubaliki.

Wale walioripoti Septemba ilhali wenzao walianza Julai, kwa sababu mlikuwa "mnafikiria kubadili tahasusi": watoto wenu wengi wamo kwenye orodha ya walio chini ya 40. Masomo ya ziada kwa orodha hiyo yataanza wiki ya kwanza ya Julai, na atakayechelewa tena hatapangiwa kundi.

Ada. Wanaodaiwa wanajijua, na mhasibu anawajua zaidi. Mwenye shida ya kweli aje tuongee kabla ya kufungua, mlango wangu haujawahi kufungwa kwa mtu aliyekuja mapema. Anayezima simu akiona namba ya shule, nitamsubiri kwenye ripoti.

Mkuu wa Shule