Kaburi la Luteni Dartnell lisimuliwe kwa ukamilifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kaburi moja lililomo katika makaburi ya vita hapa Voi, ambalo wageni hutoka ng'ambo kulitafuta huku wengi wetu wenyeji tukipita karibu nalo bila hata kugeuza shingo. Ni kaburi la Luteni Wilbur Taylor Dartnell wa jeshi la Uingereza, aliyeuawa karibu na Maktau, kati ya Voi na Taveta, tarehe 3 Septemba 1915 akiwa na umri wa miaka 30, na ambaye baada ya kufa alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi hilo.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika kaunti hii, na wanafunzi wangu, wanaomjua Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama kana kwamba walikuwapo, hawakuwa na habari kwamba nyika wanayoivuka wakienda Taveta ilikuwa uwanja wa vita mwaka uliofuata vita hivyo. Lawama siwapi wao. Sisi tuliowafundisha ndio tuliowaachia watalii habari hizo.

Jina lake lenyewe lina kisa. Alizaliwa mjini Melbourne, Australia, tarehe 6 Aprili 1885, akaitwa William Thomas. Alikuwa bado kijana mbichi alipokwenda kupigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, kisha akarejea kwao, akaoa mwaka wa 1907, na baadaye akavuka bahari tena kwenda kutafuta maisha huko huko Afrika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alifika Uingereza, na mwanzoni mwa 1915 akajiunga na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, si kwa majina aliyopewa na wazazi wake bali kwa jina la Wilbur Taylor. Ndilo jina alilofia.

Kikosi hicho nacho hakikuwa cha kawaida. Kilianzishwa na Kanali Daniel Driscoll, akakusanya wawindaji, wasafiri na watu waliokwisha kuzunguka dunia, na kwa sababu ya uzoefu wao huo waliletwa huku bila mafunzo ya kijeshi waliyopewa wengine. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa amepita umri wa miaka 60, na ambaye naye aliuawa Beho Beho, katika Tanzania ya leo, mwezi wa Januari 1917. Waliteremka Mombasa mwezi wa Mei 1915, na kabla ya mwezi wa Juni kwisha walikuwa wamekwisha kushiriki katika shambulio la Bukoba, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, ambao uliporwa baada ya kutekwa. Ushujaa wa kikosi hiki usitufanye tuwasahau watu wa Bukoba.

Kwa nini vita vilifika Maktau? Jawabu ni reli. Tangu Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walikuwa wameiteka Taveta, na kutoka huko vikundi vyao vidogo vilikuwa vikipenya porini hadi kwenye reli ya Uganda, ile itokayo Mombasa na kupita hapa Voi, kutega baruti. Waingereza, kwa upande wao, walianza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta mapema mwaka wa 1915, na kufikia katikati ya mwaka lilikuwa limefika Maktau, ambako walipiga kambi. Mwezi wa Julai walijaribu kuwaondoa Wajerumani Mbuyuni wakashindwa. Baada ya hapo, kwa muda wa miezi kadhaa, vita vilikuwa vya kuviziana: doria kwa doria, katika vichaka vya miiba ambamo mtu hamwoni mwenzake mpaka wamekaribiana.

Dartnell alikuwa katika kikosi cha askari waliopanda wanyama, kazi yao ikiwa kuwawinda hao watega baruti. Siku hiyo ya Septemba adui aliwakaribia mpaka zikabaki hatua chache, na ikawa haiwezekani kuwaondoa wenzao waliokuwa wamejeruhiwa vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa amepigwa risasi mguuni na alikuwa tayari amebebwa ili aondolewe hapo. Akakataa. Alishikilia aachwe pamoja na majeruhi, akitumaini kwamba akibaki nao huenda akawanusuru. Hakunusurika. Tangazo la nishani yake lilitolewa London mwezi wa Desemba mwaka huo huo, nishani yenyewe akakabidhiwa mjane wake, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya vita ya Canberra.

Siwezi kumnyima mtu huyo heshima yake. Aliyekuwa na njia ya kuondoka akachagua kubaki na wasioweza kuondoka, ametenda jambo ambalo halihitaji bendera ili lieleweke.

Hata hivyo, katika tangazo hilo kuna maneno ambayo nimewasikia watu wakiyaruka wanapowasomea wageni. Linasema kwamba Dartnell alibaki kwa kuwa alijua askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Mimi naomba maneno hayo yasirukwe. Yasomwe, kisha ielezwe askari hao walikuwa nani: walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, walioandikishwa katika jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Afrika Mashariki, na kuamriwa na maofisa Wazungu, sawasawa na walivyoamriwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, upande wa pili. Aliyeandika tangazo lile alitaja rangi ya waliofyatua risasi, lakini rangi ya waliotoa amri hakuitaja. Msomaji akionyeshwa hilo, ataamua mwenyewe.

Na kuna jingine lililo karibu zaidi na nyumbani. Katika mwaka huo huo wa 1915 Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawatoa kwa nguvu katika mlima wao na kuwapeleka Malindi, ambako wengi walifariki kwa maradhi na njaa. Kasigau na Maktau ziko katika kaunti moja, na mikasa yote miwili ni ya vita vile vile, lakini mmoja una jiwe lenye jina na cheo, na mwingine umebaki vinywani mwa wajukuu.

Tusisahau pia wapagazi, watu wa Karia Koo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), ambao migongo yao ndiyo iliyolisha majeshi yote haya. Sanamu ya askari jijini Nairobi, pale Kenyatta Avenue, ina maandishi yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Radhi hiyo tumeisikia redioni. Hapa Voi sijaona iliyoandikwa ukutani.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti, na kwa wanaohusika na makumbusho ya taifa, si kubwa. Wageni wanaoletwa kutazama viwanja vya vita, kuanzia Voi, Bura na Maktau hadi Mbuyuni na Salaita, waendelee kuja, na kaburi la luteni huyo liendelee kutunzwa kama linavyotunzwa. Lakini pawekwe ubao karibu na makaburi hayo, na mwingine Maktau, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kidawida, lugha ya Wataita, wala si kwa Kiingereza pekee, unaoeleza habari ya Dartnell pamoja na ya askari wa pande zote mbili, ya wapagazi na ya Wakasigau. Huko Kasigau bado wapo wazee waliosimuliwa habari za Malindi na wazazi wao. Waulizwe wao kwanza, kabla fundi hajapewa maneno ya kuandika.

Mwalimu mstaafu,
Voi.