Mwandishi asialikwe shuleni kabla kitabu chake hakijasomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ziara za waandishi katika maktaba za shule za sekondari. Nikiwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa maktaba katika shule moja ya hapa Manispaa ya Tabora, nimeshiriki kuandaa ziara za namna hiyo mara mbili. Ya kwanza ilikuwa hasara tupu, na ya pili wanafunzi bado wanaisimulia.

Ile ya kwanza tuliipania kweli. Turubai lilifungwa chini ya miembe, meza kuu ikatandikwa vitambaa, na kwaya ikatunga wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mwandishi, aliyekuwa amesafiri kwa basi usiku kucha, aliketishwa kiti cha nne kutoka kwa mgeni rasmi, ambaye naye alichelewa kwa saa 2. Baada ya utambulisho, risala, majibu ya risala na nasaha za kila mwenye cheo, mwandishi alipewa kipaza sauti zikiwa zimebaki dakika 15 chakula kitolewe. Ulipofika wakati wa maswali, mwanafunzi wa kwanza aliuliza kama uandishi unalipa, wa pili akauliza siri ya mafanikio, na wa tatu hakupatikana. Kitabu chenyewe hakuna aliyekitaja. Nakala 2 tulizokuwa nazo zilikuwa kabatini chini ya kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Lawama hiyo ni yangu na siikwepi.

Hoja yangu kwa walimu wenzangu, na kwa wahisani wanaopenda kugharimia shughuli hizi, ni moja: mwandishi asialikwe mpaka wanafunzi wawe wamekisoma kitabu chake, na kama nakala hazitoshi, fedha ya turubai na vitambaa itangulie kununua nakala. Asiyekisoma kitabu hana la kumuuliza aliyekiandika, isipokuwa yale ambayo angeweza kumuuliza mgeni yeyote aliyevaa vizuri.

Mara ya pili tulinunua nakala 6 za riwaya fupi ya mwandishi aliyekuwa amekubali kuja. Kwa wiki 5, kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, tuliisoma kwa sauti maktabani, sura moja kwa siku, msomaji akisimama dirishani kwa kuwa taa ya upande wa rafu imekufa tangu mwaka juzi. Aliyekuwa na swali aliliandika kwenye kikaratasi na kukitumbukiza katika boksi la chaki. Siku ya ziara hapakuwa na meza kuu. Mwandishi alikaa kwenye benchi kama sisi, na mkuu wa shule, namshukuru kwa hilo, alisema maneno machache tu akaketi.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili akasimama na kuuliza: "Shikamoo mwalimu. Barua ya yule kijana ilifika posta sura ya tatu. Mbona mama yake anakufa sura ya tisa bila kusomewa, na hakuna anayeikumbuka?" Mwandishi aliomba kitabu, akapekua, akasoma kimyakimya huku maktaba nzima ikimtazama, kisha akakiri kwamba ile barua aliisahau. Wanafunzi waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Aliposema kwamba kitabu kikichapwa upya ataisahihisha kasoro hiyo, mvulana wa Kidato cha Tatu alimwomba asiiguse, kwa kuwa barua nyingi za kweli hupotea hivyohivyo. Walibishana karibu saa nzima, na sikumbuki kipindi changu chochote cha fasihi kilichowahi kuwa na ubishi wa aina ile.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Mtihani wa Kidato cha Nne humtaka mtahiniwa ajibu maswali ya fasihi kwa kutumia vitabu teule, na wanafunzi wengi huvijua vitabu hivyo kupitia vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa steshenari. Anaweza kukutajia dhamira sita za riwaya ambayo hajawahi kuifungua. Mmoja aliniambia kuwa alidhani waandishi wote wanaosomwa shuleni walikwisha kufa, na sikumlaumu sana, maana tunayemtaja kuliko wote, Shaaban Robert, alifariki mwaka 1962.

Nimesikia pia hoja kwamba Tabora ni mbali. Ni kweli kwamba kwa reli tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Kigoma wako mbali zaidi. Lakini mji huu haukuwa mgeni wa vitabu: Mwalimu Nyerere alisoma hapa, akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's, na ndiye aliyekuja kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Hata leo wapo malenga na watunzi wa mikoani ambao hawahitaji hoteli wala tiketi ya ndege, bali nauli ya basi, malazi ya usiku mmoja, na ruhusa ya kuuza nakala zao mlangoni bila kuonekana wachuuzi.

Kwa waandaaji wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, nina ombi dogo. Washindi wapangiwe ziara katika shule za mikoa ya pembezoni, na nakala za vitabu vyao zitufikie muhula mmoja kabla yao. Vitabu vikichelewa, ziara isogezwe mbele, sisi tutasubiri.

Maswali ambayo hayakupata nafasi siku ile yalikuwa 31. Niliyapiga picha nikamtumia mwandishi kwa simu, na hadi ninapoandika barua hii amekwisha kujibu 19.

Mwalimu mlezi wa maktaba,
Tabora.