Kwenu mnaopona: hadithi yako si ushahidi

Wanangu mnaopona, mlioko hapa Mombasa, Kibokoni, Majengo, Kisauni na ng'ambo ya Likoni,

Assalamu alaikum, na wasio wa salamu hii, hamjambo. Nawaandikia nimekasirika. Daktari wangu wa presha ameniambia nisikasirike, lakini yeye hakuwepo.

Majuzi nilikwenda kumjulia hali binti mmoja wa mtaani kwetu. Jina nalificha, na nyinyi mnaomjua nyamazeni. Ameugua kifua kikuu, alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi, na sasa yuko katika miezi ile ya mwisho ya dawa, uso umeanza kurudi. Nilipomwona mara ya nyuma alikuwa akiandika hadithi, ana kaunta buku chini ya mto na penseli kaichomeka kwenye nywele. Hata salamu hakungoja: "Bi Mwalimu, nimefika pale mama mkwe anapozificha dawa!" Macho yanamng'aa. Safari hii nilimkuta amejilaza na simu, video hii, video ile, kidole kinasukuma tu. Kaunta buku silioni. Nikauliza. Akageukia ukutani, mamake ndiye aliyenijibu.

Kumbe shangazi mtu alikuja na mfuko wa machungwa, akangoja binti aende msalani, akalichomoa daftari akalisoma. Kisha akapiga picha kurasa zake, akazitupia kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp na maneno: "Oneni mnavyoandikwa." Mama mkwe wa kweli, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea supu ya mifupa tangu alipolala kitandani, akayasoma akiwa sokoni Kongowea. Kabla ya magharibi kikao kimeshaitwa. Mtoto hajamaliza dawa, anakalishwa kitini mbele ya wazee aeleze kwa nini amemvunjia heshima mama mkwe wake. Akasema ni hadithi tu. Akaambiwa hapana hadithi isiyo na chanzo. Mwisho akaamriwa alichane daftari kwa mkono wake, akalichana.

Na wazee waliokaa hapo wote nawajua. Wote walilelewa na bibi zao kwenye mkeka. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" walikuwa wakiitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mtoto wa miaka mitano anaukaribisha uongo kwa sauti, anajua anachokiingia. Hakuna bibi hata mmoja katika mji huu aliyewahi kuitwa kikaoni aeleze yule fisi mlafi ni jirani yupi. Leo watu wazima, wenye ndevu na hina, wamesahau itikio walilolijua kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Nataka muelewe kwa nini jambo hili limeniuma kuliko uchafu mwingine wote wa WhatsApp. Mgonjwa wa muda mrefu ni mtu aliyekwisha hojiwa. Asubuhi anahojiwa na daktari: kikohozi kilianza lini, unatoka jasho usiku, nyumbani mnalala wangapi chumba kimoja. Jioni anahojiwa na wageni: umekula nini, umepungua kilo ngapi, hukuenda kwa yule mzee wa Kisauni? Mwili wake umeandikwa na wengine kwenye faili ambalo yeye mwenyewe halishiki ila akipewa alibebe kutoka dirisha hili kwenda lile. Daftari la hadithi ndipo mahali pekee ambapo yeye ndiye anayeuliza maswali, na watu wanakwenda anakotaka yeye. Ukimwingilia hapo na kumwambia "sema kweli, huyu ni nani", umemrudisha wodini.

Nami niliusoma ule mswada kabla haujachanwa. Yule mama mkwe wa kwenye daftari hafanani na wa supu hata kidogo. Anatembea kama bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri hapo kwetu, anakohoa kama binti mwenyewe alivyokuwa akikohoa, na anaficha dawa kwa sababu kitu kilichokuwa kikimtisha mtoto huyu kila usiku ni kukosa dozi. Dozi za kifua kikuu hazichezewi. Ukiziruka ruka, vijidudu vinajifunza kuzihimili dawa, na matibabu yake baadaye ni mazito zaidi. Hofu hiyo haina uso. Mwandishi akaipa uso, akaivisha buibui, akaipa funguo za kabati. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kubuni, na aliifanya vizuri kuliko wengi niliowasahihishia insha miaka yangu yote ya ualimu.

Sasa na nyinyi waandishi msidhani nawaachia. Ukimchukua jirani yako na kengeza lake, na duka lake, na jina la mumewe, ukamtia kwenye hadithi akiwa mwizi, hapo hukubuni kitu, umesengenya kwa kalamu, na akija mlangoni ana haki ya kuja. Chukua sauti ya huyu, mwendo wa yule, mpe kazi ambayo hapana anayeifanya mtaani kwenu, mhamishie Lamu au Tanga. Ukiona umebakisha kitu ambacho mwenyewe atakitambua, kibadilishe mpaka wewe pia umsahau. Hapo utamwona mhusika anaanza kufanya mambo ambayo hukumpangia.

Na msizigeuze wenyewe hadithi zenu kuwa ushahidi. Nawajua, kuna wenye tabia ya kuandika hadithi mchana na kuisoma usiku wakijipeleleza: mbona nimemwua baba katika sura ya pili, ama simpendi baba yangu? Mwanangu, sura ya pili ilihitaji maiti. Lala.

Kuna na kundi jingine linaloniudhi, nalo linakuja na nia njema, ndiyo maana ni gumu kulifukuza. Hawa wanamwambia mgonjwa: "Kwa kuwa unaandika, andika ushuhuda wako, uwasaidie wengine." Ushuhuda ni kitu kizuri kwa anayetaka kuutoa. Lakini mtu anayeamka leo akiwa na nguvu ya kurasa mbili tu, kwa nini umdai azitumie kusimulia tena ugonjwa? Mwandishi Mmarekani Flannery O'Connor aliugua lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Akarudi kwa mamake shambani huko Georgia, akaandika asubuhi, saa chache tu ambazo nguvu zilimruhusu, mpaka akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Hadithi zake ni za wahubiri, wakulima na matapeli. Hakuna aliyemlazimisha awe mgonjwa mpaka kwenye karatasi.

Tena wenye kupenda sayansi nawapa hii. Mwaka 1986, Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike. Wengine waliandika mambo madogo madogo, wengine machungu yaliyowapata. Walioandika machungu yao kwa undani, pamoja na walivyojisikia, walikwenda kuonwa kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Hilo limesemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba mwaka 1996 watafiti wengine waliwapa wanafunzi wa kike kazi inayofanana na hiyo, lakini baadhi yao wakaambiwa waandike msiba wa kubuni, ambao haujawapata kamwe. Na hao pia, katika mwezi uliofuata, walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Sisemi hadithi inatibu kifua kikuu. Kifua kikuu kinatibiwa na vidonge, na katika vituo vya serikali vidonge hivyo ni bure. Nasema anayedai kwamba ni "kweli tupu" tu inayofaa kuandikwa na mgonjwa, hana alichoshika.

Tuje kwenye kusoma. Usianze na kitabu kinene. Kichwa cha mtu aliyeugua hakishiki mambo mengi, unasoma ukurasa na ukifika chini huyajui ya juu. Hilo ni jambo la kawaida na hupungua kadiri unavyopata nguvu. Anza na hadithi fupi, au rudia kitabu ulichokipenda shuleni, maana ukikipoteza njiani unajua kinakokwenda. Kama macho yamechoka, mtu akusomee. Waliozoea tamthilia za redio wanajua kwamba sikio nalo linasoma. Vitabu ambavyo mgonjwa anakufa kwa uzuri huku mvua ikinyesha, viweke mpaka upone.

Na hili litawashtua kutoka kwa mwalimu: kitabu kizito kikatwe. Ukilala chali na riwaya ya kurasa 500 juu ya kifua kilichotoka kuugua, mikono inatetemeka kabla hujageuza ukurasa wa kumi. Nilipokuwa nimelazwa kwa ugonjwa wa uti wa mgongo nilimtuma mpwa wangu aninunulie vitabu vya mtumba, nikamwambia avichane kwa wembe vipande vinne vinne na avishone kwa uzi. Mfanyakazi mwenzangu alipoona akapiga istighfari. Lakini nilivisoma vyote, na vile vyake vizima vilibaki kabatini vinaliwa na mchwa.

Kuandika nako: penseli, si kalamu ya wino. Kalamu ya kawaida ukiielekeza juu wakati umelala chali inakauka baada ya maneno machache, kwa sababu wino wake unashuka kwa uzito wake wenyewe. Andika asubuhi kabla joto halijapanda, hasa msimu wa kaskazi. Usikeshe, hata kama mhusika anakuita. Usihesabu kurasa. Acha katikati ya sentensi ili kesho ujue pa kuanzia. Usimwonyeshe mtu mpaka uwe na nguvu za kubishana naye. Dawa kwanza, hadithi baadaye.

Walio kwenye dawa za kifua kikuu wanisikilize hapa vizuri. Miongoni mwa zile dawa nne za miezi miwili ya mwanzo kuna iitwayo ethambutoli, na kwa watu wachache inaudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Ukiona herufi zimeanza kufifia, au nyekundu na kijani hazitofautiani kama zamani, usiseme ni kwa sababu ya kusoma sana, na usimwache mtu akwambie hivyo. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Nayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, ndiyo maana wengi hupewa na vitamini B6. Penseli ikianza kukuponyoka, sema.

Nawageukia sasa waliosimama nyuma yenu. Mji huu ulipata chumba cha kusomea cha umma mwaka 1903, maktaba ya Seif bin Salim, kabla miji mingi ya nchi hii haijawa miji. Lakini ingieni wodini, popote mtakapo. Televisheni ipo, juu kabisa ukutani, inapiga kelele mpaka usiku. Rafu ya vitabu haipo. Tunachangisha pesa za mazishi kwa saa mbili, jenereta, mahema, pilau, na hatujawahi kuchanga sanduku moja la hadithi kwa ajili ya watu waliolala miezi. Mgeni anakuja na juisi ya boksi na habari za nani amekufa kwa ugonjwa uo huo. Leteni kitabu! Chembamba. Au leteni penseli na kichongeo, vyote havifiki bei ya soda.

Na mwenye mgonjwa nyumbani, mpe droo yenye kufuli. Najua nyumba zetu za Mji wa Kale, watu ni wengi na vyumba vichache, mgonjwa analala sebuleni na kila anayepita ukumbini anamwona. Ndiyo maana nasema droo, sikusema chumba. Ufunguo akae nao yeye. Akitoka kwenda msalani, anayebaki ahesabu machungwa.

Wewe uliyechaniwa daftari, au uliyelichana kwa kuamriwa, hadithi haikuwa kwenye karatasi. Usijaribu kuikumbuka ilivyokuwa neno kwa neno, utaichukia. Ianze upya kutoka mahali pengine, kwa mtu mwingine. Mpe yule mama mkwe nafasi aseme kwa nini anazificha. Huenda ana sababu.

Kwangu nina kabati la riwaya na hadithi fupi za Kiswahili, vizima na vilivyokatwa. Anayetaka aje baada ya alasiri, au atume mtoto na kikaratasi. Akitaka nimsomee alichoandika nitamsomea, na swali langu litakuwa moja tu: kisha ikawaje? Vitabu vya kuazima vinarudishwa, na atakayenikunjia kona za kurasa sitamuazima tena, mgonjwa asiwe mgonjwa.

Mimi mwalimu wenu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa