Barua kwa mwanangu anayekwenda Lancaster, Pennsylvania

Mwanangu Rehema,

Mhadhara wako nimeusoma jana usiku, kisha nikaurudia nikiwa na kalamu nyekundu. Nimefurahi umemchagua Frederick Muhlenberg. Wengi wakianza kusoma Bunge la Marekani hukimbilia kwa waasisi kama Madison na Hamilton, na Spika wa kwanza kabisa wa Baraza la Wawakilishi wanampita bila hata salamu. Wewe umemsimamisha uone uso wake. Hilo ni la kujivunia, na nimelisema mbele ya mama yako.

Lakini ukurasa wa tatu umeninyima usingizi. Umeandika kwamba Kijerumani kilikosa kuwa lugha ya taifa la Marekani kwa kura moja tu, na kura hiyo aliipiga Muhlenberg, mtoto wa Wajerumani. Mama, ondoa sentensi hiyo. Ndege yako ni Alhamisi. Iondoe kabla hujafunga sanduku.

Kura hiyo haikupigwa. Wajerumani wa wilaya ya Augusta, Virginia, walipeleka ombi mwaka 1794 kwamba sheria za shirikisho zichapishwe na kwa Kijerumani pia, wapate kuzielewa. Walitaka tafsiri, basi. Lugha ya taifa haikutajwa. Tarehe 13 Januari 1795 suala lilipofika Baraza la Wawakilishi, ilitolewa hoja ya kuahirisha mjadala, ikaanguka kwa kura 42 dhidi ya 41. Hapo ndipo ilipozaliwa "kura moja", na ilikuwa kura ya kuahirisha kikao. Nani alisimama upande gani haikuandikwa. Mwezi Machi ikapitishwa sheria ya kuchapisha kwa Kiingereza peke yake. Muhlenberg alikuwa kwenye kiti cha Spika siku hizo, na jina lake likanasa humo kama nguo kwenye msumari. Mwaka 1847 mwandishi mmoja wa Ujerumani akaieneza hadithi hiyo, tena akiiweka kwenye bunge la jimbo la Pennsylvania, na wasomaji waliomfuata wakaihamishia kwenye taifa zima. Hata ule usemi anaowekewa mdomoni, kwamba Wajerumani wafanye haraka kuwa Wamarekani, utoe.

Najua ulipoisikia mara ya kwanza. Ulikuwa darasa la sita, na aliyekusimulia alitaka tu upende Kiswahili chako. Nia njema haiifanyi kuwa kweli.

Ukitaka kura ya uamuzi aliyoipiga kweli, ipo, na ni nzito kuliko hiyo ya uongo. Nenda tarehe 29 Aprili 1796. Mkataba wa Jay, kati ya Marekani na Uingereza, ulikuwa umekwisha kuridhiwa na Seneti, lakini fedha za kuutekeleza ziliwahitaji Wawakilishi. Walikaa kama Kamati ya Bunge Zima, na hili lielewe vizuri kwa sababu hadhira itakuuliza. Kwenye kamati ya namna hiyo Spika hushuka kitini na mwenyekiti mwingine hupanda. Spika wakati ule alikuwa Jonathan Dayton, na mwenyekiti wa kamati ndiye Muhlenberg. Kura zikatoka 49 kwa 49. Mwenyekiti akaiweka yake upande wa kuupeleka mkataba mbele, na kesho yake Baraza lenyewe likaupitisha kwa 51 dhidi ya 48. Wenzake waliokuwa wakimhesabu kuwa wao wakamwona msaliti. Siku chache baadaye shemeji yake, Bernard Schaeffer, ndugu wa mkewe Catherine, akamchoma kisu. Alipona, lakini kiti chake bungeni kilikwisha muhula huo na hakurudi tena.

Kwa hiyo usizichanganye, ya Januari 1795 na ya Aprili 1796. Watu huchukua kura zilizofungana za 1796, huzivisha mada ya 1795, na hadithi inakuwa tamu.

Kosa jingine liko kwenye picha uliyoweka. Yule anayevua joho la uchungaji, chini likionekana gwanda la jeshi, ni kaka yake Peter. Sanamu yake imo ndani ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani, zawadi ya Pennsylvania. Peter alizaliwa 1746, akawa jenerali wa vita vya uhuru, akakaa kwenye Baraza la Wawakilishi muhula wa kwanza, wa tatu na wa sita. Frederick, mchungaji pia, alizaliwa Trappe, Pennsylvania, tarehe 1 Januari 1750, na vita vilipoanza alimlaumu kaka yake kwa kuiacha madhabahu. Mwaka 1776 Waingereza walipoikaribia New York, ilimbidi aukimbie usharika wake huko, na kufikia 1779 naye alikuwa kwenye siasa. Walipishana, wakaandikiana maneno makali, kisha wakakaa ukumbi mmoja mara mbili. Mpigie kaka yako kabla hujasafiri.

Sehemu ya baba yao umeipitia mbio mno. Henry Melchior Muhlenberg alifika Amerika mwaka 1742 kuwa mchungaji wa Walutheri, akamwoa Anna Maria, binti wa Conrad Weiser, mkalimani mashuhuri kati ya serikali ya Pennsylvania na mataifa ya wenyeji wa asili. Mwaka 1763 aliwapeleka wanawe watatu Halle, Ujerumani, wakasome. Ukitaka kujua kwa nini ukoo huu ulidumu kwenye siasa, anzia hapo. Wapiga kura Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa wengi, na walimjua baba kutoka mimbarini kabla hawajamwona mwana kwenye karatasi ya kura. Kizazi kilichofuata kilimtoa John Andrew Shulze, mtoto wa dada yao, gavana kuanzia 1823 hadi 1829, na Henry A. P. Muhlenberg, mbunge kisha balozi wa kwanza wa Marekani huko Austria. Ndugu wa tatu, Gotthilf Henry, alibaki mchungaji na mtaalamu wa mimea. Kuna jamii nzima ya nyasi, Muhlenbergia, iliyopewa jina lake.

Kuhusu Aprili 1, 1789, andika sababu pamoja na tarehe. Baraza lilipaswa kuanza Machi 4, lakini akidi, yaani zaidi ya nusu ya wabunge, haikutimia mpaka mtu wa 30 alipofika New York, kwa kuwa viti vilikuwa 59. Siku hiyohiyo wakamchagua Frederick kuwa Spika. Wanaosema alikuwa mgeni wa kazi wanasahau kwamba alikwisha kuwa Spika wa bunge la Pennsylvania tangu 1780, na mwaka 1787 aliongoza mkutano wa jimbo ulioridhia Katiba kwa kura 46 dhidi ya 23. Sahihi yake iko kwenye hati ya Tamko la Haki, yaani marekebisho ya kwanza ya Katiba, pamoja na ya John Adams, Makamu wa Rais wakati huo.

Ukifika Lancaster, kaburi lake liko kwenye makaburi ya Woodward Hill. Alifia mji huo tarehe 4 Juni 1801, wakati ndio makao makuu ya jimbo. Baba yake na Peter wamelala Trappe, kando ya kanisa la Augustus. Usitafute wote mahali pamoja ukapoteza siku.

Na kumbukumbu za Baraza zisome mwenyewe, tarehe kwa tarehe. Ukiona mtu anasema "kura moja", muulize ya siku gani, hoja gani, na nani alikuwa kitini.

Hapa nyumbani fundi amekuja, amebadilisha mabati mawili ya jikoni, bado yanadondosha pembeni. Mama yako amekushonea koti la pili, lipo juu ya kabati, usiliache kwa sababu ya uzito. Binzari na iliki zifungwe kwenye mfuko usiovuja. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, nusu nyingine mwezi ujao.

Daftari lako la darasa la sita nimelikuta kwenye sanduku la vitabu. Ile kura ya Kijerumani imo, kwa mwandiko wangu pembeni. Nimeikata kwa wino.

Nitumie ukurasa wa tatu mpya kabla ya Jumatano usiku.

Baba yako