Mkongo wa akiba usipite mtaro mmoja na mkongo mkuu

Mhariri,

Mkongo wa mawasiliano ukikatika, kelele huwa ni moja: uongezwe mwingine. Idadi peke yake haitoshi. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Wamiliki ni tofauti, ila mikongo yenyewe inapita jirani. Tena Februari mwaka huohuo SEACOM ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu, kwa hiyo akiba ya njia ya kaskazini, inayopita bahari hiyo, ilikuwa imeshapungua.

Nchi kavu kosa hili limejaa. Benki inalipia watoa huduma wawili, kumbe wote wamekodi nyuzi (nywele za kioo zinazobeba data kwa mwanga) ndani ya bomba moja, au mabomba yao yanavuka mto kwenye daraja lilelile. Kijiko kikija kuchimba mtaro wa maji, vyote vinang'oka kwa mkupuo. Mteja adai ramani ya njia nzima, chemba kwa chemba, kabla ya kusaini. Aangalie zaidi madaraja na sehemu nyaya zinapoingilia kwenye jengo, maana hapo ndipo njia hukutana.

Kisha kuna nafasi ya kubeba mawasiliano. Mitambo inayorusha mwanga ule ule kwenye njia zote mbili kwa pamoja huhamia upande usiokatika ndani ya milisekunde 50, na aliye kwenye simu hagundui kitu. Wengi lakini hugawa mzigo wa mawasiliano kati ya njia hizo. Njia mbili zinazolingana zikijaa asilimia 70 kila moja, ikikatika moja, iliyobaki inatakiwa ibebe 140. Haibebi. Kwa njia mbili, kila moja isizidi 50; kwa tatu, isizidi 66.

Njia ya akiba isiyojaribiwa huharibika kimyakimya: vumbi kwenye kiunganishi, uzi uliokunjwa vibaya ndani ya kabati. Kila miezi mitatu, usiku, mzigo wote uhamishiwe huko makusudi, ukae saa nzima huku nguvu ya mwanga ikipimwa.

Na mafundi wasiharakishwe. Uzi humenywa, husafishwa kwa spiriti, hukatwa upya kwa kisu chake maalumu, ndipo huunganishwa kwa mashine. Kiungo kizuri hakipotezi zaidi ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha upotevu wa mwanga). Vitatu vya ovyo, vya 0.5 kila kimoja, vinapoteza mwanga kama kilomita saba na nusu za mkongo. Kipimo cha upotevu huo kifanyike kutoka pande zote mbili na kuchukuliwa wastani, kwani nyuzi za aina tofauti zikipimwa upande mmoja tu, mchoro wa chombo cha kupimia unaweza kuonyesha kiungo kinaongeza mwanga, jambo lisilowezekana.

Tunaomba taarifa za kukatika kwa mawasiliano zinazotolewa kwa umma zitaje mkongo ulikatikia wapi, njia ya akiba ilipita wapi, na ilikuwa imejaa kiasi gani saa ile.

Wahandisi wa mikongo,
Dar es Salaam