Barua kwa mwanangu: tarehe 15 Oktoba si ya kwako peke yako

Mwanangu,

Sisi wazima. Jana umeniambia kwenye simu "baba usijali, mwisho wa kuomba chuo ni Januari", ukakata maana nyuma yako kulikuwa na foleni ya wenzako, na mimi nimebaki na hiyo Januari yako kichwani mpaka usiku wa manane. Mama, Januari ni ya wanaoomba uinjinia na biashara na hayo mengine. Udaktari Uingereza ni tarehe 15 Oktoba, saa 12 jioni kwa saa za kule kule, na ndo tarehe hiyo hiyo ya kozi karibu zote za meno na za mifugo, na kozi zote za Oxford na Cambridge. Nimeisoma mwenyewe kwenye ukurasa wa UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, nikamsomea na mama yako, akasema mwandikie, kwa simu atakujibu ndio baba ndio baba kisha anaenda kucheza netiboli.

Haya nakuandikia. Na wala sihofii kwamba utasahau tarehe, kichwa unacho, matokeo yako ya mwaka jana nimeyaonyesha mpaka kwa watu wasiouliza. Hofu yangu ni kwamba unaihesabu hiyo tarehe 15 kama mali yako, kwamba ukimaliza tarehe 14 usiku basi umewahi. Hujawahi. Ukiomba kupitia shule, ukishabonyeza kutuma fomu haiendi UCAS, inaenda kwanza kwa shule, wao wanaweka maelezo ya mwalimu kukuhusu na alama wanazotarajia utapata, wanapitia, ndo wanaituma wao. Sasa huyo mwalimu ana wanafunzi wangapi wanaomsubiri? Na akiugua wiki hiyo? Na akiwa hakujui vizuri, akaandika tu kwamba una adabu na unahudhuria darasani? Adabu haimpeleki mtu udaktari. Mfuate sasa hivi, mwezi huu wa nane, mpelekee karatasi yenye mambo uliyofanya, ile miradi ya baiolojia na kule zahanati ulikojitolea, ili awe na cha kuandika. Na uliza shule wao tarehe yao ya ndani ni ipi, maana kila shule inajiwekea ya kwake mapema zaidi, na hiyo ndo dedlaini yako ya kweli.

Umeshamwona mwalimu? Naomba jibu la ndio au hapana, sio "nitamwona".

Alafu UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari. Ndugu yangu mmoja ananiambia mwanawe alidhani mtihani huo unafanyika baada ya kuomba. Hapana, unafanyika kabla, kuanzia Julai mpaka mwishoni mwa Septemba, kubuki kunafungwa kabla ya hapo na vituo vinajaa, na kwa mwaka unaufanya mara moja tu, ukiharibu unasubiri mwaka mwingine, na alama zako hazivuki kwenda mwaka unaofuata. Faida yake ni kwamba unapata alama zako kabla hujachagua vyuo, na vyuo havifanani, kuna vinavyoitazama UCAT kuliko kitu kingine na kuna vinavyotazama zaidi masomo. Kwa hiyo ukiwa na alama mkononi unajua wapi uende na wapi utapoteza nafasi bure. Kile kitabu cha mazoezi ulichorithi kwa binamu yako achana nacho, yale maswali ya maumbo yameondolewa tangu 2025 na jumla ya juu sasa ni 2700 badala ya 3600, kwa hiyo hata ukijipa alama kwa kitabu kile unajidanganya. Mpe mdogo wako achoree. Tafuta mazoezi ya bure kwenye ukurasa wa wenye mtihani wenyewe.

Umebuki? Hilo nalo nijibu.

Sasa maelezo yako binafsi, lile andiko la kuombea chuo ulilonitumia. Nimeyasoma zaidi ya mara moja na nitakwambia ukweli, mwanzo wake sijaupenda. "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuokoa maisha ya watu." Yaani hapo nilitaka kufunga simu, na mimi ni baba yako, sasa mtu asiyekujua mwenye mafaili mia mbele yake? Tena inaonekana umeichukua mahali, na UCAS wana programu inayolinganisha maandishi ya watu wote, ukinakili inakuonyesha na vyuo vinaambiwa. Alafu umeandika kwa mtindo wa zamani, mwaga yote kwa pamoja. Siku hizi, tangu kwa wale walioingia 2026, ni maswali matatu: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa. Herufi 4,000 kwa jumla, nafasi tupu nazo zinahesabiwa, na kila jibu lisipungue 350. Yale ya kumuuguza bibi yako umeyaweka mwisho kabisa, sentensi mbili, kama unaona aibu. Hayo wewe unayajua kuliko mimi, ulikuwepo, mimi sikuwepo kila siku. Yatoe huko mwisho uyaweke kwenye jibu la tatu, useme ulichofanya kwa mikono yako, uliona nini, kitu gani hukukielewa ukaenda kukitafuta. Wanataka kuona unajua kazi yenyewe ikoje, harufu yake na uchovu wake, sio kwamba una huruma, huruma kila mtu anaandika anayo. Mimi nikisoma yale ya bibi nasema huyu daktari. Nikisoma ya ndoto nasema huyu kaandika saa sita usiku.

Na usitaje chuo chochote kwa jina humo ndani, andiko ni moja linaenda kote.

Vyuo unaruhusiwa vitano lakini vya udaktari mwisho vinne, ya tano weka kozi nyingine, na naomba usiiache wazi kwa kiburi. Najua utasema ukiweka nyingine wataona huna msimamo. Hawaoni, chuo kimoja hakioni vingine ulivyoomba wakati kinakuamua. Nafasi za wanafunzi wa nje kwenye udaktari ni chache mno, watoto wenye alama za juu kabisa wanakataliwa, sitaki siku hiyo uwe huna pa kushika. Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja unachagua moja, usizibandike zote mbili kama ulivyoandika kwenye ile orodha yako, orodha yenyewe inaonyesha hukusoma masharti.

Akaunti usiifungue kwa imeili ya shule, ukimaliza wataifunga na majibu yatakuwa humo. Tumia yako, na sio ile yenye jina la kitoto. Jina uandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kina "h" iliyozidi, tunajua, na aliyeenda kukuandikisha alikuwa na haraka siku hiyo, mama yako analikumbusha kila mwaka na wewe usianze. Nitalishughulikia mwenyewe, karatasi za kiapo naulizia wiki hii.

Laptopu tumeitengeneza, ilikuwa chaji tu. Mdogo wako anaililia lakini nimeificha mpaka Oktoba ipite, ukija likizo fupi utaikuta, ila chumbani kwako mama yako kaingiza cherehani, usishtuke, kitanda kipo. Bomba la jikoni bado linavuja na fundi haji, kila siku anasema yupo njiani. Skana ya jirani inafanya kazi, kwa hiyo vyeti nitaviskani mimi nikutumie, vile vya asili usitembee navyo shuleni, utavipoteza kama ulivyopoteza kitambulisho, na sikusema kitu siku ile lakini niliona.

Mama yako anauliza taulo lake la bluu. Na mdogo wako kaingia timu ya mpira, viatu vyako vya zamani vinamtosha, tumempa bila kukuuliza.

Kesho foleni ya simu ikiwa ndefu nitumie ujumbe tu, vitu vitatu: mwalimu ni yupi na amekubali au la, UCAT tarehe ngapi na kituo kipi, na shule imesema tarehe yao ya ndani ni lini. Hiyo ya tatu nitawapigia shule mwenyewe kama ikifika Ijumaa sijaipata, na najua hutaki nipige.

Baba