Kaka, zile muvi za vampaya ulizoziita takataka

Kaka yangu,

Salaam kwako na kwa wifi na watoto. Juzi kwenye simu uliniuliza jioni huwa nafanya nini, nikakwambia naangalia vampaya wa zamani, wale wafu wanaotoka usiku kunyonya damu, zile muvi za televisheni, ukasema achana na takataka hizo, siku hizi kuna za mamilioni ya dola, picha safi kama maji. Dakika zangu zilikuwa zinaisha sikuweza kukujibu, lakini lile neno limenikaa rohoni mpaka leo, na kwa vile wewe ndiye ulinipeleka kuziona mara ya kwanza, acha nikujibu hapa hapa hadharani.

Si unakumbuka kile kibanda cha muvi cha Walukuba, hapa Jinja? Gunia mlangoni kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao yanayochoma, tivii moja yenye kisogo kikubwa juu ya meza, jenereta inanguruma nje na moshi wake wote unaingia ndani. Siku ile waliweka Salem's Lot, ile ya mwaka 1979. Mtoto aliyekufa anakuja dirishani usiku anaelea kwenye ukungu, anatabasamu, anakwaruza kioo kwa kucha taratiiibu ili amfungulie nani? Ndugu yake wa tumbo moja. Ukaniziba macho na kiganja chako, mimi nachungulia katikati ya vidole, na nikausikia mkono wako unatetemeka. Halafu jenereta ikazima. Kaka, giza lile! Hakuna aliyepiga mluzi, hakuna aliyedai pesa yake, tulikaa tu tunasikilizana pumzi, na mzee mmoja nyuma akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Baadaye sana nikaja kujua ile ya dirishani waliifanyaje. Hawakumtundika yule mtoto kwa waya, walimshika kwenye mkono wa kreni, na picha wakaipiga kinyumenyume, ndiyo maana ukungu unatembea vibaya na mwili wako unajua kuna kitu hakiko sawa kabla hujafikiria. Ni akili ya mtu tu ile.

Na vampaya mwenyewe wa muvi hiyo, Barlow, hasemi hata neno moja. Yule wa The Night Stalker ya 1972 pia hasemi kitu. Hiyo itafute kaka, aliitoa Dan Curtis, yule yule wa Dark Shadows, ile tamthilia ya kila siku ambayo maikrofoni zilikuwa zinaonekana na kuta zinatikisika mtu akifunga mlango, na bado Wamarekani waliifuata kutoka 1966 mpaka 1971. Kwenye The Night Stalker hamna ngome wala milima, ni Las Vegas na taa zake, na vampaya anavamia hospitali kuiba damu. Mwandishi wa habari, Kolchak, anaona kila kitu kwa macho yake, na wakubwa wa mji wanamwambia nyamaza, usiandike, utatuharibia biashara.

Sasa wewe niambie, hiyo si ya babu kabisa? Babu aliyekuwa anatusimulia wazimamoto, kwamba enzi ya Waingereza watu wa Kampala walikuwa wanaogopa gari la usiku, ukilisikia unaruka kwenye majani unalala chini, eti wanakamata watu wanawatoa damu, na ukienda kushtaki serikali inakuambia hakuna kitu kama hicho. Babu hakuwahi kutueleza sura zao. Alikuwa anaiga mlio wa gari tu, mbali, halafu karibu, halafu ananyamaza na kuongeza kuni kwenye moto, na sisi tunavutana shuka.

Hizi muvi zilitengenezwa hivyo hivyo. Pesa kidogo, siku chache, damu haziwezi kuimwaga maana watu wanaangalia na watoto sebuleni, na kila baada ya dakika kadhaa lazima wakate waweke matangazo, basi wanakatia pale pale moyo umepanda. Jenereta yetu ilikuwa inafanya hiyo kazi bila kujua. Zile kubwa unazozipenda wewe zinanionyesha kila kitu, meno, shingo, popo elfu moja, nashangaa, halafu nalala usingizi mzuri. Hizi za televisheni zinaniachia mlango wazi na mimi ndiye namwingiza yule mtu ndani kwangu. Nikizima tivii bado naangalia pazia.

Unakumbuka pia yule vijei wa kwenye kaseti, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake, alikuwa anamwita vampaya "musezi"? Wazee wakaanza kubishana katikati ya muvi, eti hapana, musezi anakula maiti, hanywi damu, huyu ni kitu kingine, na mama mmoja akasema kwao kijijini walikesha kaburini wiki nzima kulinda marehemu. Muvi ikaendelea peke yake hakuna anayeiangalia, watu wote wamegeukia kwa yule mama.

Ukija Idi leta watoto. Nina betri ya sola inayofika saa nne usiku, hapo itakata yenyewe, na sitawaambia mapema.

Mdogo wako, Jinja.